Sakafu ya Wageni

Kaka yangu alichagua sakafu ya nyumba ya mama yetu kwa kujitazama. Aliinua kigae kimoja katika hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, mjini Nakuru, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaona uso wake na kola ya shati lake humo ndani, akatabasamu.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Mtu akiingia, ajue ameingia kwa nyumba."

Mama, ambaye angekanyaga kigae hicho kila siku iliyobaki ya maisha yake, hakuwepo. Tulikuwa tumempeleka Gilgil kwa dada yake ili mafundi wapate nafasi ya kufanya kazi. Goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua, akitembea kwa kushika ukuta ndani ya nyumba, na kwa fimbo akiwa nje. Kaka yangu alilijua hilo. Anaishi Nairobi, lakini goti la Mama halikuwa siri.

Nyumba yenyewe iko hapo Nakuru, mtaa wa Section 58. Baba aliijenga chumba baada ya chumba alipokuwa akifanya kazi kiwandani, na sakafu yake ilikuwa simiti tupu. Ardhi ya Nakuru haitulii. Hushuka kidogo hapa, kidogo pale, na miaka ilivyokwenda, sakafu ya Baba ikapasuka kuanzia sebuleni hadi mlango wa jikoni. Mama alikuwa akijikwaa kwenye ule ufa. Hivyo kaka yangu aliposema atagharamia sakafu mpya nyumba nzima, mimi nilishukuru kwa moyo mweupe kabisa.

Shukrani hizo ziliisha pale dukani.

Nilimwambia muuzaji aniletee maji kidogo kwenye kikombe. Alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akacheka. "Madam, hii inatoka sana. Huko Milimani kwa matajiri wanaweka hii tu."

"Niletee maji."

Hakuleta. Nikatoa chupa yangu kwenye mkoba, nikakilaza kile kigae sakafuni, nikakimwagia maji, nikakikanyaga. Kiatu changu kiliteleza kama nimekanyaga ganda la ndizi. Nikamshika kaka mkono nisianguke.

"Umeona?"

"Nimeona umemwaga maji makusudi," akasema kwa sauti ya chini, akimtazama muuzaji kama anayeniombea msamaha. "Nani atamwaga maji sebuleni?"

"Na jikoni? Na bafuni?"

"Mama si mtoto."

Vigae vingine vilikuwepo, vimepangwa kwenye kona ya nyuma, vyenye uso wa kukwaruza kidogo na rangi ya mchanga uliolowa. Nikamwonyesha kaka. Akavitazama akakunja pua. "Hivi ni vya choo cha stendi."

"Basi tumpigie Mama simu, aseme mwenyewe anachotaka."

"Mama atasema wekeni chochote. Ataelewa nini habari ya vigae? Niache nimfurahishe mama yangu."

Mama yangu. Alisema hivyo mbele yangu, mimi niliyetoka kwenye tumbo hilohilo. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wameanza kutuangalia, na kwa sababu pesa zilikuwa zake. Vile vigae vya kung'aa kama kioo vilipakiwa kwenye pikapu, na vikawekwa kila mahali: sebuleni, chumbani, kwenye ujia, jikoni, bafuni, hata kwenye veranda ambako mvua hupiga moja kwa moja. Nilijaribu kumweleza fundi kwamba angalau bafuni tungeweka kitu kingine. Fundi alikuwa mtu mpole na hakutaka vita vya watu. "Mimi naweka chenye mnaleta," akasema, akaendelea kupima.

Mama alirudi kutoka Gilgil siku ya maombi ya kubariki nyumba. Kaka alikuwa amealika watu wa kanisa, majirani na marafiki zake wawili watatu kutoka Nairobi waliokuja na magari makubwa. Mkewe alisimama mlangoni akiwaomba wote wavue viatu wasichafue. Mama naye akavuliwa viatu. Akaingia kwenye nyumba yake mwenyewe na soksi, juu ya sakafu iliyong'aa kama maji, huku watu wakipiga makofi na kumpiga picha.

Niliziona zile picha baadaye. Katika kila moja Mama anatabasamu, na katika kila moja mkono wake mmoja umeshika kitu: kiti, bega la mtu, fremu ya mlango. Alipotaka kwenda chumbani, alipapasa ukuta mpaka akafika. Vidole vyake viliacha alama kwenye rangi mpya, na mke wa kaka akaja nyuma yake na kitambaa chenye unyevu, akafuta alama moja baada ya nyingine. Hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini mpaka leo kile kitambaa sijakisahau.

Wageni walipoondoka, Mama aliniita kando. "Nyumba ni nzuri," akasema. "Naogopa kuitembea."

Nilinunua mikeka midogo nikaitandaza njiani. Mikeka ikateleza pamoja naye. Nikampigia kaka simu. Akasema, "Mpe muda, atazoea." Nikampigia tena wiki nyingine. Akaniuliza kama nina shida na maendeleo.

Kilichotokea baada ya hapo, mtu yeyote mwenye macho angekitabiri. Mvua ya mawe ilishuka mchana mmoja, ile ya Nakuru inayotoka nyuma ya mlima Menengai bila salamu. Mama alikuwa peke yake. Akatoka kuanua nguo, akazikumbatia zote, akarudi ndani na miguu iliyolowa. Hatua moja ndani ya jikoni ilimtosha. Jirani alisikia kishindo, kisha akasikia Mama akiita jina langu, ingawa mimi nilikuwa mjini kwenye duka langu la kushonea sare za shule.

Alinipigia simu, na nilipofika Mama alikuwa bado chini. Jirani alikuwa ameogopa kumwinua, akamwekea mto tu. Mama alikuwa bado amekumbatia nguo.

"Hazijalowa," akaniambia. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Madaktari wakampasua na kumwekea chuma. Kaka alifika kutoka Nairobi akiwa bado na tai shingoni, akanikuta kwenye ujia wa hospitali, na neno lake la kwanza halikuwa anaendeleaje.

"Nani aliacha maji kwa sakafu?"

Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirikia wateja, makondakta, kaunti, mume niliyeachana naye. Lakini hasira ya siku hiyo ilinipanda kutoka kwenye nyayo.

"Mungu," nikamwambia. "Mungu ndiye aliacha maji. Kulikuwa na mvua. Mpigie yeye simu."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi. Nilikuonyesha. Nilimwaga maji mbele ya macho yako, nikateleza mbele ya macho yako, ukaona aibu kwa sababu ya muuza duka!"

"Si angevaa viatu?"

"Mkeo ndiye alimvua!"

Muuguzi akatoka kwenye chumba akatuangalia. Kaka yangu akalegeza tai. "Mimi nilitaka tu aishi vizuri," akasema.

"Ulitaka wageni waseme anaishi vizuri."

Aliingia akamwona Mama, akakaa kidogo, akaomba, akarudi Nairobi.

Mama naye alikuwa na hasira yake, na haikuwa ya kelele. Alilala akitazama dari. Siku moja nikimlisha uji, akasukuma kijiko. "Mliongea wewe na ndugu yako," akasema. "Mkaongea. Huyo anataka hii, huyu anataka ile. Mimi ndiye nina miguu, na hakuna mtu aliniuliza." Kisha akasema, "Sirudi huko."

Nikamwambia, "Utarudi. Lakini si kwa sakafu hiyo."

Alipotoka hospitalini nilimlaza kwangu, mimi nikaenda Section 58 na nyundo. Yule fundi nilikuwa nimemwita, lakini alipoelewa ninachotaka alisimama mlangoni akiwa na wasiwasi. "Mathe, boss alisema hii ni ya maisha. Akiniuliza nitamwambia nini?"

"Mwambie ulinikuta nimeanza."

Nikaanza. Kigae cha kwanza kilikuwa kwenye mlango wa jikoni, palepale alipoangukia. Nyundo iliruka ikarudi, kigae hakikutikisika. Nikapiga tena kwa mikono yote miwili, kikapasuka kwa sauti kali, na vipande vikanirukia kwenye sketi. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilipiga hadi jasho likaingia machoni. Jirani alikuja akachungulia, akaona nilivyo, akarudi kwake bila kuuliza. Mwishowe fundi aliitoa nyundo mkononi mwangu taratibu. "Kaa chini, mathe," akasema. "Utajiumiza." Akapachika tindo, ile patasi ya chuma, mahali panapofaa, na vigae vikaanza kung'oka. Tulivunja sakafu ya jikoni, ujia, bafu, veranda na chumba cha Mama.

Mama alipoweza kupanda gari, nilimpeleka hadiwea yeye mwenyewe, na fremu yake ya chuma ya kutembelea. Duka lilikuwa lilelile na muuzaji yuleyule. Akamletea kiti, akamwambia karibu mathe, kisha akanigeukia mimi na kuanza kueleza bei.

"Niangalie mimi," Mama akamwambia. "Mimi ndiye nanunua."

Akataka vigae vishushwe chini, si kuonyeshwa ukutani. Akataka maji. Safari hii maji yaliletwa. Alivua kiatu kimoja, akashika bega langu, akakanyaga kimoja kimoja kwa unyayo wake mtupu, mbele ya wateja waliokuwa wakinunua misumari. Kimoja kilikuwa kikali mno: "Hii inauma." Kingine kilikuwa na mashimo madogo: "Hii itakaa na uchafu, na mimi siwezi kuinama kusugua." Muuzaji akamsifia zile mbao za kubandika zinazong'aa. Mama akazigonga kwa kidole, akauliza maji yakiingia chini yake kunakuwaje. Kijana akakubali kwamba zinafura. "Basi ni mbao ya uongo," Mama akasema, na tukasonga mbele.

Alichukua vile vya rangi ya mchanga kwa ajili ya jikoni, ujia, bafu na veranda. Kwa chumba chake alichagua plastiki nene ya kubandika, inayobonyea kidogo chini ya mguu, kwa sababu asubuhi za Julai simiti na kigae huuma mifupa yake kama barafu. Muda wote huo hakutabasamu hata mara moja. Alichagua kama mtu anayetoa ushahidi.

Sebule, ambayo hatukuwa tumeifikia, alikataa iguswe. "Acha hapo," akasema. "Hapo ni pa wageni wake."

Kaka alikuja wakati kazi imekwisha. Alisimama kwenye ujia akatazama vile vigae vya rangi ya mchanga. "Umevunja kitu changu," akaniambia.

Mama alikuwa jikoni, ameketi kwenye kiti chake cha mbao. Akamjibu kabla yangu. "Kitu chako kiko kwa nyumba yako. Hapa ni kwangu."

Tangu hapo Mama hakanyagi sebuleni. Anayekuja kumsalimia anamfuata jikoni, awe mchungaji, awe nani. Kaka yangu alijaribu kushindana naye. Alikaa kwenye kochi peke yake, katikati ya ule mng'aro wake wote, akinywa chai na kuongea na Mama kwa sauti ya juu kupitia mlango. Mama akawa anajibu "ehe" na "sijakusikia."

Mguu mmoja wa Mama umebaki mfupi kuliko mwingine, na daktari anasema atazeeka na ile fremu. Hasira yangu haijaisha, na watu wanaoniambia nisamehe hawajawahi kumkuta mama yao chini amekumbatia nguo. Kaka hajasema pole. Labda hajui pa kuanzia.

Lakini alipokuja mara ya mwisho alichukua kiti cha sebuleni, akakibeba hadi jikoni, akakaa. Mama alimsukumia sufuria ya minji, njegere mbichi za maganda, amenye. Akamenya vibaya, kama mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimenyewa na wengine, na nusu yake ikamponyoka na kuviringika sakafuni. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya sinki. Sikuinama kumwokotea.