Kwa Mnaokwenda Kuogelea Pangani

Mwanangu, nimesikia vijana wa hapa Misima mmekodi basi la Costa, Idd Pili mnakwenda kuogelea Pangani. Sikukatazi. Kaa kwanza nikueleze.

Naikumbuka Idd moja ya usichana wangu. Tulipanda lori kwenda huko huko Pangani, watoto wa wakulima, wengi wetu bahari tulikuwa hatujaiona hata siku moja. Kufika tu, tukakimbilia majini na nguo zetu. Ufukweni hapakuwa na mlinzi wala kibao cha onyo.

Zubeda, binti wa shangazi aliyelelewa kwetu, alisimama maji yakimfika kiunoni. Mkondo ukamvuta. Tulidhani anacheza, maana hakupiga kelele. Anayezama hapigi kelele, mwanangu. Kaka yangu Mhina akavua shati, akajitosa. Alikuwa hodari wa kuogelea kwenye lambo letu, lakini lambo halina mkondo.

Mama mmoja muuza samaki akaja mbio. "Asiingie mwingine! Leteni dumu!"

Tukampa dumu tulilokuwa tumemaliza maji yake ya kunywa. Akalikaza kifuniko, akalifunga kwa kamba ya turubai la lori, akalirusha. Zubeda akalikumbatia, tukamvuta. Mhina hatukumwona tena. Wavuvi walimleta alasiri.

Tuliporudi, Zubeda alijifungia ndani, akakataa kula. Baba, aliyetoka kumzika mwanawe, alimfuata mlangoni.

"Toka ule, mwanangu. Mhina aliingia majini ili wewe uishi. Basi ishi."

Akatoka. Ndiye huyo Bibi Zubeda anayewatania kila mkipita kwake.

Sasa nisikilize. Mkifika, waulizeni wenyeji maji yanavuta wapi. Mmoja wenu abaki nchi kavu, macho majini, simu isiwe ya kuchezea, kisha mpokezane. Bebeni dumu tupu lenye kifuniko, na kamba ndefu. Mkondo ukikushika usishindane nao. Lala chali, uelee, inua mkono, ita. Na mwenzako akizidiwa, najua moyo utakusukuma umfuate, kama ulivyomsukuma kaka yangu. Usimfuate. Piga kelele, mrushie dumu. Huko nako ni kumpenda.

Haya, nendeni. Mungu awatangulie, awape sikukuu njema, na jioni niwasikie mkishuka kwenye gari, wote mlioondoka.