Maji ya Kombe

Leo asubuhi nilipita mtaa tuliokulia, kule nyuma ya Nakawa. Nyumba za udongo hazipo tena, pamejengwa maghala. Nilisimama kidogo tu, ndugu yangu, maana miguu imechoka siku hizi, lakini pua ilikuwa inatafuta harufu ya kisra, ile mikate myembamba ya mtama ambayo bibi alipika kila Ijumaa.

Bibi ndiye aliyetutengenezea kombe. Mtoto akishikwa na homa, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya kisimani, tukanywa. Yalikuwa ya njano, na ladha ya udongo haikuyatoka.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi ambaye hakuficha kwamba hamwamini Mungu. Siku moja alileta hadubini, akataka kila mmoja aje na maji wanayokunywa kwao. Mimi nilibeba kombe lililobaki. Nilipochungulia nikaona vijidudu wanaogelea.

"Haya, mtoto wa madrasa," mwalimu akacheka, "mbona aya hazikuwaua?"

Nilirudi nyumbani nikilia. Niliona kwamba kama vijidudu ni kweli, basi Mungu ni uongo. Bibi aligeuza kisra yake, akaniuliza kama nimewaona kwa macho yangu mwenyewe. Nikasema ndiyo.

"Basi mwalimu wako kasema kweli. Injika sufuria."

Tangu siku hiyo maji ya kombe yalichemshwa kwanza. Na kila Ijumaa nilitumwa kumpelekea mwalimu sahani ya kisra na mchuzi wa bamia. Jirani akang'aka, "Unamlisha kafiri?"

"Huyo katuokoa na kuhara," bibi akamjibu. "Wewe umetuokoa na nini?"

Mwalimu alikula miaka yote ile na hakusali hata siku moja. Bibi hakumuuliza.

Mimi nimesoma dini kuliko bibi. Lakini Ramadhani iliyopita mjukuu wangu, msichana anayesoma fizikia pale chuoni Kyambogo, aliponiambia, "Babu, sayansi imenitosha, siamini tena," nilimwambia asikanyage kwangu mpaka atubu. Hakukanyaga. Idi tulikula bila yeye.

Nimechoka kubishana peke yangu sebuleni na mtu ambaye hayupo. Nilipofika nyumbani leo nikampigia simu.

"Ijumaa kuna kisra."

"Babu, bado siamini."

"Sijakuuliza hilo. Unakuja?"

"Nani anapika?"

"Mimi."

"Wewe? Basi nitakula chapati njiani kwanza," akasema, akacheka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Unga wa mtama ninao. Nakumbuka bibi aliuloweka, akaufunika, akauacha uchache mpaka utoe povu. Siku moja? Siku tatu? Nimekaa na bakuli mbele yangu, na waliokuwa wakijua wote wamezikwa.