Mti wa Avoka Unaokunywa Ziwa

Mume wangu ni seremala, na maisha yake yote amepigana na maji. Mbao anazikausha, anazipiga randa, halafu anazipaka vanishi ili mvua ya Bukavu isipate pa kuingilia. Basi nilipomwambia nataka mbao zinazokunywa maji, aliniuliza kama nimelala vizuri.

Nilikuwa nimerudi chuo kikuu utu uzima, watoto wameshakua, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa hiyo: kusafisha maji ya ziwa kwa jua, mti na makaa. Yeye mwenyewe alinikatia shina la avoka, yaani mparachichi, siyo kwa urefu kama mbao za kitanda bali kwa kukingama, vipande vya duara kama sahani. Uso wa juu tuliuchoma kwenye babula ninayopikia maharage mpaka ukawa mweusi tii. Kipande kile kikielea juu ya maji, mishipa ileile iliyopandisha maji wakati mti umesimama inaendelea kuyapandisha. Weusi unakamata jua, maji yanageuka mvuke, mvuke unagonga kioo kilichoinama na kuteremka, matone safi, hadi kwenye glasi.

Nyumbani kwetu Kasha mambo yalikwenda vizuri. Lakini mwalimu mmoja wa jury, jopo la kupima kazi zetu, alishanionya kwamba siku ya kutetea kazi wangetaka kuona maji, siyo michoro. Bila maji, diploma ningeisubiri hadi mwaka mwingine, na mimi subira sikujaliwa.

Asubuhi ya siku yenyewe mume wangu akafungua kitambaa kwa madaha. Vipande vyangu vilikuwa vinang'aa chini na pembeni kama meza ya askofu.

"Ulifanya nini, papa?"

"Niliweka verni kidogo tu, maman. Baprofesere babone mbao yangu iko vile, haina hata verni? Batasema bwana yako hajue kazi."

"Uliziba kinywa yote ya muti. Na ni leo."

Mengine niliyomwambia siyaandiki, maana bado tunaishi nyumba moja.

Alivua koti lake la harusi, akachukua msumeno, akaanza kuondoa tabaka la chini la kila kipande, jembamba kama kipande cha mkate, vumbi likimjaa suruali aliyoipiga pasi mwenyewe. Mti ulifunguka tena, mweupe, wenye vitundu vyake.

"Na pembeni nitoe?" aliuliza bila kuniangalia.

"Pembeni achia. Haina mubaya," nilisema. "Na iko muzuri."

Nilikuwa bado nimekasirika, na nilimpenda sana.

Kwenye ua wa chuo, jua likajificha. Jury ilikaa barazani, mimi nikasimama karibu na sanduku langu lenye kile kioo, beseni la maji ya ziwa likiwa ndani, nikieleza kila nilichokijua, kisha nikaanza kukieleza upya kwa maneno mengine, jicho likiwa kwenye kioo kikavu. Mwalimu yule alikuwa ameshaanza kuangalia saa. Hapo mawingu yakaachana. Kioo kikaingia ukungu, ukungu ukawa jasho, na tone la kwanza likateremka polepole hata nikasahau nilikuwa nasema nini. Kufikia mchana glasi ilikuwa nusu, maji maangavu kabisa, na chini yake kwenye beseni ziwa lilikuwa lilelile la kahawia, na matope yake ya mvua.

"Sasa nani atakunywa hii?" aliuliza mwenyekiti wa jury.

Walimu wakatazamana. Kule nyuma mume wangu akainuka, akapita katikati ya viti na suruali yake yenye vumbi, akachukua glasi, akainywa yote.

"Papa," mwenyekiti alisema, "na sasa sisi tutapima nini?"

Ua mzima ulicheka. Nilichukua glasi mkononi mwa mume wangu, nikairudisha mahali pake, nikawaonyesha kwa kidole. Tone lingine lilikuwa linateremka.