Ayaa na Kompyuta za Kuulizana Maji

Ayaa ni binti wa askari, amekulia kambini Gulu, na huko ndiko alikookota Kiswahili anachonisemesha mimi Mluhya wa Bungoma. Tunakaa nyumba zinazotazamana hapa Bukoto, Kampala. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta katika chuo kimoja. Chuo kilipotaka kuuza zile kuukuu kama chuma chakavu, akaziomba, akazijaza sebuleni kwake. Mkubwa wake akamwambia, "Zifanye kazi moja, zote pamoja, nije nione Ijumaa. La sivyo nazichukua ziuzwe."

Mimi niliishia darasa la saba. Nikaenda kutazama, mtoto wangu Wamalwa mgongoni. Kompyuta zinasaidianaje kazi?

"Mama Wamalwa, fikiria mvua imenyesha Katwe, kule bondeni," Ayaa akasema. "Maji yatapita wapi? Nimekata ramani vipande, kila kompyuta ina chake. Maji yakivuka mpaka, inapiga hodi kwa jirani: jiandae, yanakuja."

"Na hodi ikichelewa?"

"Wote wanakaa wanangoja."

Na zilikuwa zinangoja kweli. Kabati la kuziweka lilitengenezwa na Jafar, fundi wa kuchomelea wa huko huko Katwe. Kwa wema wake alifanya kila rafu bati zito, akaziba pande zote, akatia na kufuli, maana Kampala hakuna kinachoachwa wazi. Basi waya zikakosa pa kupenya, ila mwanya mmoja mwishoni mwa kila rafu, penye mlango. Ayaa akaziunga kompyuta moja baada ya nyingine, rafu hadi rafu, kama nyoka. Kompyuta ikitaka kusema na ya chini yake, ujumbe unapita kwanza kwa wenzake wa rafu nzima. Zote kwa pamoja zikafanya kazi polepole kuliko zikiwa chache.

Alhamisi Ayaa akamwita Jafar, naye akaja na mashine ya kukatia chuma.

"Nyabo, mama wee, nitoboe kabati langu mwenyewe? Mwizi atanitumia salamu za shukrani!"

"Ssebo, bwana wangu, ataiba nini? Kesho zinabebwa zote."

"Na panya je?"

"Waje, niwafundishe hesabu."

Jafar akacheka, lakini alipitisha kidole kwenye mshono wake wa kuchomelea polepole kabla ya kuwasha mashine. Cheche zikaruka, nikamtoa mtoto nje.

Niliporudi, Ayaa alikuwa anapenyeza waya kwenye matundu, juu na chini.

"Si uunge kila moja na zote, yaishe?" nikauliza.

"Kila moja, kwa nyuma, ina nafasi chache za waya. Halafu wewe ungepita wapi? Shida ni kupata waya chache zinazotosha."

Chache zinazotosha. Nilikoroga uji nikiwaza hilo, hata ukashika chini.

Ijumaa mkubwa akaja, akakataa chai, akasimama. Ayaa akabonyeza. Rangi ya buluu ikaanza kutambaa kwenye ramani ya skrini, ikashuka Katwe, ikaenea, haikusimama popote. Mimi nilikuwa natazama kutoka mlangoni.

Mkubwa akainama. "Na Kansanga? Mimi nakaa Kansanga."

"Kansanga haimo, ssebo. Hizi hazitoshi."

Akaiangalia ramani tena. "Basi zibaki. Stooni kule chuoni zipo nyingine. Ngapi zitatosha?"

 Ayaa alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya kabati, anapapasa ukuta wa chuma, anatafuta pa kupitisha waya.