Kilo Ishirini za Choroko Juu ya Mlima

Sikiliza, ndugu yangu uliyekua miaka ya vijiji vya ujamaa, uliyelima shamba la shule asubuhi na mchana ukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga ukashiba. Enzi zetu, huku Bariadi, sayansi tuliipandisha mlimani kwa miguu.

Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, na baba alikuwa hajaamua kuniruhusu. Jioni moja nikamweleza tulichofundishwa: kitu kikiinuliwa juu, dunia hukivuta kwa nguvu pungufu, hivyo uzito wake hupungua.

Kaka yangu akacheka. "Basi ndoo zako uwe unazichotea juu ya mti."

Baba hakucheka. "Mlima ule nimeupanda na mizigo tangu utoto. Mzigo unazidi kulemea. Kama shule inafundisha uongo, ng'wanone, mwanangu, hutakwenda."

Asubuhi akabeba mfuko wa choroko hadi shuleni, chini ya mlima ule, akataka upimwe chini kisha juu. Mwalimu wetu, binti mdogo tu, akaazima mizani ya kuning'iniza ya kupimia pamba. Pale chini ilisoma kilo ishirini.

"Mzee," akasema kabla hatujapanda, "huko juu utaona ishirini vilevile."

"Sasa kupungua kuko wapi?"

"Kupo. Ila umbali unahesabiwa kutoka katikati ya dunia, kilomita elfu sita na zaidi chini ya miguu yetu. Mlima huu unaongeza kidogo mno. Uzito utapungua kwa kiasi cha punje kumi na kitu tu za choroko, na mizani hii haiwezi kuzionyesha. Kinacholemea ni kule kupanda. Lakini umbali huo ukiwa mara mbili, mfuko huu utakuwa na kilo tano. Ukiwa mara tatu, kilo mbili na kidogo. Na hata uende mbali vipi, dunia haiachi kuuvuta."

Tukapanda. Juu ya mawe, kwenye upepo, mshale ukasimama kwenye ishirini. Baba akautazama mshale, kisha akaangalia angani.

"Mbali kote huko," akasema polepole, "na bado inavuta."

Halafu akanigeukia. "Mwongo angeniambia nitaona. Huyu kaniambia sitaona. Nenda ukasome."

Wajukuu wangu leo huuliza simu, nayo hujibu kabla hawajamaliza swali. Siwaonei wivu, ingawa sisi tulikosa mengi. Jibu letu lilitutoa jasho, na tulilifuata pamoja.

Mtoto akikuuliza jambo lisiloonekana kwa macho, mwambie kwanza kwamba hataliona, kisha kaa chini umweleze.