Shikamoo Katika Kikao cha Bajeti

Juzi nilikaa viti vya wasikilizaji, madiwani wetu wakipitisha bajeti. Nilikuwa situlii hata kidogo: nje mvua imeshika, ndani kurasa zinafunuliwa mbiombio kama vile bajeti ndiyo itanyeshewa.

Mwenyekiti akauliza, "Wanaoafiki?" Kabla madiwani hawajaitikia, bibi mmoja aliyekaa kando yangu akasimama, viatu vimejaa tope. Msikilizaji haruhusiwi kusema kitu pale. Lakini huku Usambara, mtu mzima akisimama mbele yako, mdomo unatangulia kanuni.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti akajikuta amesema.

"Marahaba, mwanangu. Daraja letu liko ukurasa wa ngapi? Wajukuu wanavukia gogo kwenda shule."

"Mama, wasikilizaji hawaongei humu."

"Si umenisalimia mwenyewe?"

Ukumbi ukacheka. Bibi hakucheka. Alisubiri jibu, mkono kiunoni, mpaka mgambo akamwonyesha kiti. Kisha "Ndiyooo!" ikavuma, bajeti ikapita.

Nikainuka kumchungulia mwandishi wa muhtasari. Daraja hakuliandika. Aliandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Mwenyekiti aliwasalimia wananchi, nao wakaitikia."