Mistari ya Kifuani

Katungu, mama wa Kikongo anayetunza wazee katika makao yao kule Doonside, alikuwa amemeza mengi mwaka ule wa Korona. Asubuhi ile yalimfika kooni.

Bi Maureen, mmoja wa wazee hao, mchoraji Mwaborijini aliyezaliwa jangwani, alikuwa ameketi kitandani kifua wazi, amejipaka mistari ya rangi nyeupe kifuani na mabegani, akiimba kwa sauti ya chini. Siku hiyo wanawake wa kwao walikuwa wanacheza ngoma yao, ngoma ambayo wanaume hawaruhusiwi kuiona. Yeye asingeweza kwenda, mipaka ilikuwa imefungwa.

Craig, meneja wao, akasukuma mlango bila kubisha. "Mwogeshe," akasema. "Ameanza kuchanganyikiwa. Tazama alivyojichafua."

Katungu akamsukuma nje kwa bega, akatoka naye, akafunga mlango na kusimama mbele ya Craig. Mistari ile ile, Bi Maureen aliichora kwenye picha kubwa inayoning'inia mapokezi, na Craig hakuwahi kuchoka kuwaringia wageni kwa picha hiyo.

"Sawa, bosi," Katungu akasema. "Naleta ndoo. Nianze kuosha kifua chake, au nianze na ile picha ya mapokezi?"